Namna ya Kuchagua Dawa ya Kula Dhahabu Isiyokula Kijiji

Anayekuuzia kemikali asiwe mshauri wako wa kemikali. Tulimalize hilo kabla ya kufungua ndoo yoyote. Muuzaji wa zebaki atakuambia zebaki haina shida, hata baba yake aliishika kwa mikono. Muuzaji wa sianidi atakuambia zebaki imepitwa na wakati. Wa tatu ana unga kwenye mfuko ulioandikwa kwamba ni rafiki wa mazingira, na ukimuuliza ndani mna nini, anakutajia bei. Shemeji yako naye, aliyewahi kulinda geti la mtambo huko Geita, ana kipimo chake: ndoo moja kwa tenki moja. Wote hao wasikilize kwa adabu, mura, halafu nenda kaliulize jiwe lako na mto ulio chini ya kiwanja chako.

Ninayeandika naye hapa ni mchimbaji mdogo wa Tarime na Serengeti. Ana duara, yaani shimo la kuchimbia, au hisa kwenye duara, anasaga mawe kwenye karasha la jirani, na nyuma ya nyumba ana lundo la marudio, mchanga uliokwisha kuoshwa, analolitazama kila asubuhi akijua kwamba bado lina dhahabu. Kweli linayo. Swali ni kimiminika gani kiitoe, na kimiminika hicho kitaishia wapi kikishaitoa. Nusu ya pili ya swali hurukwa kila siku, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Ielewe kwanza kazi yenyewe. Dhahabu haishiki kutu, maji haiyajali, na asidi nyingi haziisumbui. Ili itoke kwenye jiwe iingie kwenye maji, kila atomu yake lazima inyang'anywe elektroni moja, kisha papo hapo ishikwe na kitu kisichoiruhusu irudi. Hiyo ni kazi ya umeme, hata kama kiwanjani hakuna waya wala betri. Kwenye chembe moja ya dhahabu, upande mmoja unatoa elektroni na kuyeyuka, na upande mwingine oksijeni iliyomo kwenye maji inazipokea. Sianidi ndiyo mshikaji: ioni zake mbili hubeba atomu moja ya dhahabu na kuondoka nayo. John Stewart MacArthur na madaktari wawili ndugu, Robert na William Forrest, waliipatia njia hii hataza kule Glasgow mwaka 1887. Mpaka leo sehemu kubwa ya dhahabu ya migodi duniani inatolewa hivyo, ikiwamo ya North Mara pale Nyamongo, mgodi ulioanza uzalishaji mwaka 2002.

Kwa hiyo dawa ya kula dhahabu haijawahi kuwa kitu kimoja. Ni timu ya watatu: anayeshika, anayepokea elektroni, na anayemlinda mshikaji asiharibike njiani. Ukinunua mmoja ukawasahau wawili, umenunua sumu tu.

Zebaki haimo kwenye timu hiyo. Haiyeyushi dhahabu ndani ya maji. Inaigandia ikikutana nayo uso kwa uso, na chembe iliyofunikwa ndani ya punje ya jiwe inapitwa hivihivi. Ndiyo sababu mara nyingi zebaki haikamati hata nusu ya dhahabu iliyomo, na ndiyo sababu marudio yako yana wateja. Nenda mwaloni, wanakooshea, utazame. Mwoshaji amechuchumaa mbele ya beseni, mikono mitupu imezama kwenye tope mpaka viwikoni. Anamimina zebaki kutoka kwenye kichupa kilichokuwa cha dawa ya kikohozi, anakanda, anamwaga maji ya juu, anakanda tena. Kisha anakikusanya kilichoganda kwenye kipande cha shuka na kukikamua kwa nguvu, zebaki iliyozidi ikidondoka kwenye kisahani, mpaka kinabaki kidonge cha kijivu kisichofika ukubwa wa ukucha. Kidonge kinawekwa juu ya koleo, koleo juu ya jiko la mkaa, jiko liko barazani, na barazani pana watoto. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, lakini mvuke wake huanza kutoka mapema sana kabla ya hapo. Kijivu kinageuka njano. Watu wanaishangilia njano, na kijivu kimeshaingia mapafuni mwao.

Mvuke huo unaharibu mishipa ya fahamu na figo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi unapotea, hasira zinakuwa za karibu, na nyumbani watu wanadhani mzee amebadilika tabia. Zebaki iliyomwagika na maji ya kuoshea nayo haipotei. Bakteria wa kwenye matope huigeuza kuwa methilizebaki, inaingia kwenye viumbe wadogo, inapanda kwa samaki, na samaki analiwa. Mji wa Minamata huko Japani uligundua ugonjwa wa sumu hiyo mwaka 1956, baada ya kiwanda kumwaga taka zake baharini, na mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ukapewa jina la mji huo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Zebaki basi ifutwe kwenye orodha yako, na anayekuambia babu yake aliitumia mwombe akueleze babu alimaliza vipi miaka yake ya mwisho.

Sianidi ninaiweka kwenye orodha, na sababu yake haina uhusiano na upole. Inaua kwa dakika, kwa kuzizuia seli za mwili kutumia oksijeni iliyokwisha kufika kwenye damu. Ninaiweka kwa sababu moja tu: inavunjika. Ni kaboni na naitrojeni vilivyoshikana, na jua, hewa, bakteria na kemikali maalumu vinaweza kuviachanisha. Zebaki ni elementi. Ukiimwaga leo, wajukuu wako wataikuta, imehama tu mahali. Kati ya sumu inayoweza kumalizwa na isiyoweza kumalizwa, chagua ya kwanza, kisha uimalize kweli. Asiye na nia ya kuimaliza asiichague.

Sasa tuje kwa mlinzi wa mshikaji, yaani chokaa. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokufa. Sianidi ikiwa kwenye maji yenye alikali ya kutosha hubaki majini na kufanya kazi. Maji yakielekea kwenye asidi, inageuka kuwa gesi ya sianidi ya haidrojeni, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 tu, joto la mchana wa kawaida Mugumu, Serengeti. Kwenye pH ya 9.2 hivi, nusu ya sianidi yako tayari imegeuka kuwa umbo linalotoka kama gesi. Mitambo inayojali hukaa kwenye 10.5 au juu kidogo. Wanaonusa husema gesi hiyo ina harufu ya lozi chungu, na watu wengi kwa maumbile yao hawaisikii kabisa, kwa hiyo pua yako haihesabiki kuwa kipimo.

Kipimo ni karatasi ya pH, kitabu kidogo cha vipande vinavyochanika. Chovya kipande, subiri kidogo, linganisha rangi na ile ya kwenye jalada. Kikiwa kijani, umesimama mahali pabaya. Ongeza chokaa, koroga, pima tena. Kikifikia rangi ya 10.5 au zaidi kwenye jalada ndipo sianidi inakaribishwa. Utaratibu haugeuzwi: chokaa kwanza, kipimo cha pili, sianidi mwisho. Mvua ikinyesha juu ya tenki lililo wazi, pima upya, kwani maji ya mvua yana asidi kidogo kwa asili, na masika ya Mara hayaji kwa kijiko. Jiwe lenye pairaiti, ile inayong'aa njano na kuwadanganya wageni, hutengeneza asidi yake lenyewe likikutana na hewa na maji, kwa hiyo litakula chokaa nyingi kuliko ulivyopanga. Asidi ya betri na asidi ya naitriki ya kusafishia dhahabu zisikae banda moja na sianidi. Wala siku moja.

Halafu oksijeni, yule mpokeaji ambaye hakuna anayemnunua kwa sababu hauzwi kwenye ndoo. Maji ya nyuzi 25 usawa wa bahari hubeba miligramu 8 hivi za oksijeni kwa lita. Tarime mjini ni karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji yetu hubeba karibu 7. Ukiwa na oksijeni kiasi hicho, hesabu ya kemia inasema kwamba sianidi ya sodiamu isiyofika hata gramu 0.1 kwa lita inatosha kuitumia yote. Madini mengine ndani ya jiwe, hasa ya shaba na baadhi ya salfaidi za chuma, huiba sehemu yao, ndiyo maana mitambo hutumia zaidi ya hapo, lakini mingi haivuki nusu gramu kwa lita. Yule shemeji wa ndoo moja kwa tenki anamwaga mara nyingi zaidi ya hapo akidhani anaharakisha. Kuongeza sianidi pasipo na oksijeni ni kumimina unga kwenye sufuria wakati kuni zimezimika. Kinachoongezeka ni gharama na sumu ya kuja kuiteketeza. Tafuta pampu ya hewa. Ni bei nafuu kuliko pipa la pili.

Wenzetu wanaotoboa silikoni kwa umeme wanalijua vizuri somo hili, kwamba mchanganyiko sahihi unashinda ukali. Mwaka 1956 Arthur Uhlir na mkewe Ingeborg, wakiwa maabara za Bell nchini Marekani, walitaka kung'arisha vipande vya silikoni kwa asidi ya haidrofloriki na mkondo wa umeme, wakapata uso wenye tundu ndogo mno. Mwaka 1990 Leigh Canham, huko Uingereza, alionyesha kwamba silikoni ya namna hiyo hutoa mwanga. Tangu hapo kuchagua kimiminika chake kumekuwa kazi ya watu makini. Floridi ndiyo mshikaji wao. Ikiwa kidogo na umeme mkali, silikoni inang'aa badala ya kutoboka. Maji matupu hayauenei uso wake vizuri, na viputo vya haidrojeni vinang'ang'ania, basi wanatia ethanoli ili viputo viachie. Na kwa kuwa asidi hiyo hupenya ngozi na kwenda kushika kalsiamu ya mwilini, jeli ya kalsiamu glukoneti inakaa tayari mezani kabla chupa haijafunguliwa. Hawamuulizi mtu kemikali kali kuliko zote ni ipi. Wanauliza mchanganyiko upi unafanya kazi hii kwa kasi hii, na dawa ya ajali iko wapi. Mchimbaji wa Nyamongo anastahili kuuliza vilevile, na kujibiwa.

Muda nao una hesabu yake. Chembe ya dhahabu ya mikroni 45, ndogo kuliko unene wa unywele, huisha ndani ya saa 13 mambo yakiwa sawa. Ya mikroni 150 huchukua hadi saa 44. Ile unayoiona kwa macho usiipeleke kwenye sianidi kamwe. Ikamate kwanza kwenye ubao wa kuoshea uliotandikwa magunia, maji yakipita polepole, kwani uzito wake unatosha kuizamisha. Kemikali ni kwa ajili ya ile laini inayobaki.

Na sasa kosa linaloshinda mengine yote: kuoshea kwa zebaki halafu marudio yaleyale kuyatia kwenye sianidi. Linafanyika kwa sababu linaonekana la busara, kwamba kilichoshindwa na wa kwanza kichukuliwe na wa pili. Lakini sianidi huyeyusha zebaki pia. Ile iliyokuwa imetulia chini ya lundo sasa inaelea, inasafiri na maji, na ikifika mtoni inakuwa rahisi zaidi kugeuzwa ile sumu ya samaki. Sehemu nyingine inapanda kwenye kaboni pamoja na dhahabu. Kaboni hiyo, ambayo hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, huoshwa baadaye kwa maji ya moto yenye magadi makali, kisha umeme unapitishwa na dhahabu inaganda kwenye nyuzi za chuma. Zebaki ikiwamo, hewa ya chumba hicho haifai kuvutwa na mtu. Mkataba wa Minamata umeliorodhesha tendo hili miongoni mwa yale yanayopaswa kukomeshwa, sambamba na kuchoma kidonge kwenye moto wa wazi na kukichomea kwenye makazi. Ukinunua marudio ya mtu, swali la kwanza liwe yameguswa na zebaki au hayajaguswa. Akisitasita, yameguswa. Hayaingii kwenye tenki mpaka zebaki iondolewe na maabara ithibitishe.

Tumefika mtoni. Mto Tigithe unapita karibu na mgodi wa North Mara na kumwaga maji yake kwenye Mto Mara, huo unaozigawa wilaya za Tarime na Serengeti kabla ya kushuka Ziwa Victoria. Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini hadi Tigithe. Mgodi ulisema plastiki nzito zilizotandikwa kwenye mabwawa ziliibiwa; wanavijiji walihesabu mifugo iliyokufa na kuonyesha ngozi za watu wao. Miaka 10 baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi faini ya Sh bilioni 5.6 kwa uchafuzi, na Julai mwaka huohuo likauamuru usitishe kutumia bwawa lake la mabaki. Huo ni mgodi wenye wahandisi, mitambo na maabara. Mwenye tenki la saruji na turubai la dukani asijidanganye kwamba yeye haonekani. Tigithe hausomi leseni, na ng'ombe anayekunywa hapo haulizi kama sumu ni ya mwekezaji au ya mura wa kijijini.

Kwa hiyo pima umbali wa mto kabla ya kupima sianidi. Tandika plastiki nzito chini ya tenki na chini ya bwawa, weka ukingo wa kuzuia maji ya juu yasiingie, acha nafasi ya mvua ya Aprili, zungushia uzio wa kweli. Kanuni za kimataifa za usimamizi wa sianidi zinataka maji ya wazi ambayo ndege na wanyama wanaweza kuyafikia yasizidi miligramu 50 za sianidi inayoachia kirahisi kwa lita. Ndege wa Serengeti hawajui kusoma tangazo. Huko Baia Mare, Romania, ukingo wa bwawa ulibomoka Januari 2000 na sianidi ikaua samaki mpaka ndani ya mto Danube, nchi baada ya nchi. Mara nao una nchi mbili, ziwa moja, na watu wa nchi tatu walioinama kwenye ziwa hilo.

Je, kuna dawa ya tatu? Thaiosalfeti inafanya kazi. Barrick hao hao wenye North Mara walianza kuitumia Goldstrike, Nevada, mwaka 2014 kwa jiwe gumu linaloishinda sianidi. Lakini inataka udhibiti ambao karasha la kijijini halina, na anayekuletea mfuko wake bila vipimo anakuletea hasara. Unga wa "rafiki wa mazingira" usinunuliwe mpaka uone karatasi ya usalama inayotaja kilichomo. Baadhi ya unga huo una sianidi ndani yake, na mnunuzi anaushika kwa mikono mitupu kwa kuamini maandishi ya mfuko.

Asiye na chokaa, karatasi ya pH, pampu, plastiki na mtu aliyesomea kazi hii, jibu lake ni kwamba asitumie kimiminika chochote. Aoshe kwa uzito, arudie kuosha mpaka apate mchanga mzito mchache, auyeyushe na boraksi kwenye moto wa mkaa wenye feni. Boraksi hushusha joto la kuyeyuka la mchanganyiko, uchafu unakuwa kioo na dhahabu inakaa chini. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 30, na mwanajiolojia Peter Appel alikuja kuifundisha Itumbi, Chunya, hapa hapa Tanzania. Kwenye mchanga uliooshwa vizuri inatoa dhahabu nyingi kuliko zebaki. Marudio yasiyo na zebaki yawekwe pamoja na ya wenzako, kikundi kikatafute mtambo wenye leseni. Mtambo mmoja unaosimamiwa ni bora kuliko matenki ishirini kando ya Tigithe.

Na kama mmekubaliana kikundi kizima kwamba ni sianidi, isinunuliwe kwa mtu anayeificha chini ya viazi. Kemikali za viwandani nchini ziko chini ya sheria ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Pandeni basi la Mwanza kabla hamjachimba bwawa.